Andikeni Kazi Ilifanyikia Wapi: Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Maabara za Pamoja na Watafiti Wanaozitumia

Waheshimiwa wakurugenzi na wakuu wa idara, na ninyi watafiti mnaoleta sampuli zenu kwenye maabara hizi,



Nawaandikia nikiwa mkutubi. Kazi yangu ni kutafuta makala za kisayansi, kuzipanga na kuzifikisha kwa wanaozihitaji. Kwa miaka kadhaa sasa wakuu wa maabara wamekuwa wakiniuliza swali moja: ni makala gani zimetokana na mashine zetu? Ni swali zuri, na nafurahi kila linapoulizwa. Ninachowaomba ni kwamba lisingoje mwisho wa mradi, mfadhili akiwa mlangoni na ripoti ikitakiwa Ijumaa. Liulizwe siku mtafiti anapoingia maabara, lijibiwe mwaka mzima, na jibu lake liwekwe hadharani, mahali ambapo mwananchi yeyote anaweza kulisoma.

Ninazungumzia maabara ya pamoja, ile isiyokuwa ya profesa mmoja wala ya mradi mmoja. Darubini ya elektroni inayotumiwa na mwanafunzi wa kilimo asubuhi na mwanajiolojia mchana. Mashine ya kusoma mpangilio wa vinasaba inayosubiriwa kwa zamu. Friji za nyuzi 80 chini ya sifuri zenye damu iliyochukuliwa kwa ridhaa ya watu wa vijiji vingi. Kwetu Afrika Mashariki mfano unaojulikana ni maabara za BecA jijini Nairobi, zilizoanzishwa chini ya NEPAD, mpango wa maendeleo wa Afrika, na kuwekwa ndani ya ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ili mtafiti kutoka Bujumbura, Kampala au Morogoro apate pa kufanyia kazi bila kupeleka sampuli zake Ulaya. Zipo nyingine nyingi, kubwa na ndogo, ndani ya vyuo vikuu na taasisi za serikali. Wazo la zote ni moja: kifaa ni ghali, basi tukinunue kimoja, tukitunze vizuri, na wengi wakitumie.

Tatizo huanza mtafiti akishafunga mkoba wake. Amekaa wiki tatu, amepata matokeo, ameaga vizuri na kurudi kwao. Huko anachambua data, anaandika, jarida linamrudishia, anasahihisha, anaipeleka kwa jarida jingine. Makala inatoka miaka miwili au mitatu baadaye, pengine katika jarida la Uholanzi au Marekani. Kufikia hapo mwanafunzi amekwisha kuhitimu, mtaalamu wa maabara aliyemhudumia amehamishwa, na mkurugenzi aliyemkaribisha amestaafu. Hakuna anayekumbuka kuipigia simu maabara na kusema: ile kazi yetu imetoka.

Na hata ukiipata makala yenyewe, jina la maabara limejificha. Fungueni sehemu ya mbinu katika makala yoyote ya baiolojia mliyo nayo mezani. Mtakuta jina la kampuni iliyotengeneza mashine, mara nyingi na mji wa kampuni hiyo, jimbo lake na nchi yake, kwa kuwa ndivyo majarida mengi yanavyotaka. Mtasoma kwamba kifaa ni cha kampuni ya Waltham, Massachusetts. Kwamba kifaa hichohicho kimesimama Arusha au Kisumu, kinatunzwa na watu wa pale na umeme wake unalipiwa pale, hilo halimo. Msomaji anaondoka akijua kiwanda, hajui maabara. Jambo hili linaniuma kila ninapokutana nalo, kwa sababu mwandishi hakukusudia ubaya wowote. Amefuata tu desturi aliyofundishwa, na desturi hiyo haikutukumbuka.

Kuna wanaojitahidi kushukuru mwishoni mwa makala, nao kila mmoja hushukuru kwa namna yake. Kituo kilekile kitaitwa kwa jina lake kamili katika makala moja, kwa kifupi chake katika ya pili, kwa jina la chuo kinachokihifadhi katika ya tatu, na katika ya nne itaandikwa tu kwamba sampuli zilichambuliwa Nairobi. Wengine humshukuru mtaalamu kwa jina bila kusema anafanya kazi wapi. Programu ya kutafutia makala haiwezi kuunganisha vitu hivyo. Binadamu anaweza, akiwa na muda na akiwa anaijua maabara, lakini mara nyingi binadamu huyo hajaajiriwa.

Matokeo yake tunayajua sote. Ripoti ya mwaka inapokaribia, barua pepe hutumwa kwa watumiaji wote wa zamani. Wachache hujibu. Mmoja hutuma orodha ya kila kitu alichoandika maishani, hata kisichohusiana na maabara. Mwingine hutuma makala ileile aliyoituma mwaka uliopita. Wengine anwani zao zimekufa. Orodha inayopatikana ni fupi kuliko kazi iliyofanyika, na kila aliyeiandaa anajua ni fupi, lakini ndiyo inayokwenda kwa bodi, kwa wizara na kwa mfadhili.

Fikirieni orodha hiyo inaamua nini. Maabara hula fedha kila siku: mkataba wa matengenezo wa kila mwaka, vitendanishi vinavyokwisha muda vikiwa bado bandarini, jenereta, betri, mishahara. Anayetoa fedha hizo ana haki ya kuuliza tumejifunza nini. Maabara nyingi hujibu kwa hesabu ya sampuli zilizopita na saa ambazo mashine ilifanya kazi. Hesabu hizo ni za kweli, lakini zinasema mashine ilizunguka, hazisemi ilitufunulia nini juu ya ugonjwa wa mihogo au homa ya nguruwe. Makala ndizo zinazosema. Maabara isiyoweza kuonyesha makala zake inaingia kwenye kikao cha bajeti mikono mitupu, wakati ushahidi wake umetapakaa katika majarida ya dunia nzima.

Yupo pia mtaalamu wa maabara. Huyu ndiye anayeirekebisha mashine usiku ili zamu ya asubuhi isipotee. Ndiye anayemwambia mwanafunzi kwamba sampuli yake imechafuka na inabidi aanze upya, kisha anakaa naye hadi aanze upya. Akifika mbele ya kamati ya kupandishwa cheo anaulizwa machapisho yake, hana. Kazi yake imo ndani ya makala nyingi za watu wengine, lakini hakuna karatasi inayoonyesha hivyo. Orodha iliyotunzwa vizuri, inayosema mashine gani, mwaka gani, chini ya uangalizi wa nani, ingekuwa karatasi hiyo.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya nchi tajiri. Nawaomba waangalie wanabotania wetu kwanza.

Hebaria ya Afrika Mashariki, yaani hazina ya sampuli za mimea iliyokaushwa, iliyo ndani ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi, ni maabara ya pamoja ya zamani kuliko nyingi tulizo nazo. Mizizi yake iko Amani, kwenye milima ya Usambara, ambako Wajerumani walianzisha taasisi yao ya utafiti mwaka 1902. Mikusanyo ilihamishiwa Nairobi mwaka 1950. Hebaria hiyo ina alama yake inayotambulika duniani kote: EA. Ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni DSM, ya Makerere ni MHU, ya taifa iliyoko Arusha ni NHT, na ya Kew, Uingereza, ni K. Alama hizo zimo katika daftari moja la kimataifa, na mwanabotania popote alipo huziandika vilevile. Hakuna anayesema "sampuli ilionekana Nairobi". Anaandika EA, na kila msomaji wa fani hiyo anajua ni jengo gani.

Si hilo tu. Chukueni kazi kubwa ya mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania, Flora of Tropical East Africa, iliyoanza kutoka mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012 ikiwa na zaidi ya spishi 12,000. Pale inapotajwa sampuli ya asili iliyotumika kuupa mmea jina, utakuta alama ya hebaria, na baada ya alama hiyo mara nyingi kuna alama ya mshangao: EA! au K! Maana yake mwandishi ameiona sampuli hiyo kwa macho yake. Pasipo na alama ya mshangao, ameitegemea taarifa ya wengine. Kwa nukta moja na kistari chake wamemaliza swali linalotusumbua sisi hadi leo: nani alikitumia kifaa, na nani alikitaja tu? Na sampuli yenyewe inabeba historia yake. Mtaalamu akiipitia na kuthibitisha au kusahihisha jina la mmea, hubandika kikaratasi chenye jina lake na mwaka. Ukilifungua kabati miaka hamsini baadaye unaona walioitumia, mmoja baada ya mwingine.

Kwa hiyo desturi hii tunayo. Imekaa kwenye makabati yetu kwa vizazi. Kilichotushinda ni kuihamishia kwenye mashine.

Waliofanikiwa zaidi kwenye mashine, kwa maoni yangu, ni wanaastronomia. Shirika la astronomia la Ulaya, ESO, lina makao yake Garching, karibu na Munich, na darubini zake ziko jangwani nchini Chile. Mwanaastronomia hupewa usiku kadhaa wa kuitumia darubini na namba ya mradi, kisha anakwenda zake, sawasawa na mtafiti wetu aliyefunga mkoba. Lakini wakutubi wa ESO wanamfuata. Wanatunza hifadhidata iitwayo telbib, yenye makala kuanzia mwaka 1996, na sasa huongezwa zaidi ya makala 1,000 kila mwaka. Programu ya kompyuta hupekua majarida ya fani hiyo ikitafuta majina ya darubini na vifaa vyake. Kisha, na hapa ndipo ninapowaomba mtulie kidogo, mkutubi anaisoma makala. Anaangalia kama kweli imetumia data za darubini hizo, au imetaja tu matokeo ya watu wengine. Iliyotaja tu haiingii. Iliyotumia inaingia, ikiunganishwa na namba ya mradi, na kupitia namba hiyo msomaji anaweza kufika hadi kwenye data zenyewe zilizohifadhiwa.

Mashine inapendekeza, mtu anaamua. Mkutubi anayeijua kazi hutofautisha mambo ambayo programu huyachanganya, na kwa sababu amesoma, hesabu yake inaaminika.

Darubini ya Hubble inatufundisha jambo jingine, kubwa zaidi. Ilirushwa angani Aprili 1990, na makala zilizotokana nayo, ambazo wataalamu wa taasisi inayoihudumia mjini Baltimore wamekuwa wakizifuatilia, zimepita 20,000. Walipozigawa kwa kuangalia nani aliandika, waligundua kwamba kwa miaka mingi sasa makala zinazotokana na data za kumbukumbu, zinazoandikwa na watu ambao hawakuwamo katika maombi ya awali, zimekuwa nyingi kuliko zile za walioomba muda wa darubini. Yaani picha iliyopigwa kwa ajili ya swali moja inajibu maswali ya wengine miaka kumi baadaye. Bila orodha, nani angelijua hilo? Na bila kulijua, nani angekubali kuendelea kulipia hifadhi ya data za zamani?

Sasa rudini kwenye friji zetu. Zimejaa sampuli ambazo mradi wake ulikwisha. Kila mwaka mtu anapendekeza zitupwe ili ipatikane nafasi, na kila mwaka hakuna anayeweza kusema ni makala ngapi zilizaliwa na sampuli za zamani zilizofunguliwa upya kwa swali jipya. Anayetetea friji hana namba, ana hisia tu. Nimeona sampuli zikipotea hivyo, na nawaambia kwa uchungu kwamba sampuli ya damu iliyochukuliwa kabla ya mlipuko wa ugonjwa haipatikani tena kwa bei yoyote.

Waheshimiwa wakurugenzi, basi ombi langu kwenu ni hili. Mtu anapojaza fomu ya kuomba kutumia mashine, apewe hapohapo namba ya ombi lake na sentensi ya kuiweka katika makala yake. Sentensi fupi: uchambuzi huu ulifanyika katika maabara fulani, kwa kifaa fulani, ombi namba fulani, kwa usaidizi wa fulani. Mpeni ikiwa tayari kwa Kiingereza na kwa Kifaransa pia, kwa sababu ndizo lugha ambazo watafiti wetu wa Bukavu na Bujumbura, Nairobi na Dar es Salaam huchapishia. Akikataa kuahidi kwamba ataitumia, aulizwe kwa nini. Chagueni jina moja la maabara na msilibadilishe kila anapokuja mkuu mpya. Iandikisheni katika mifumo ya kimataifa ya namba za utambulisho. Mfumo wa RRID, ulioanza kutumika katika majarida mwaka 2014 kwa ajili ya kutambulisha nyenzo za utafiti, unazipokea pia maabara za pamoja, na namba yake haibadiliki hata chuo kikibadilisha jina. Mashine yenyewe inaweza kupewa DOI yake, kama makala inavyopewa.

Na mwajirini mtu. Hapa sitaki kuzungukazunguka. Kazi hii ikigawiwa kwa kila mmoja, haina mwenyewe, na mwisho wake ni ile barua pepe ya ripoti ya mwaka. Ikiwekwa kwenye maelezo ya kazi ya mkutubi mmoja au mtunza data mmoja, hata kama ni nusu ya muda wake, itafanyika. Tumekuwa wepesi wa kununua mashine na wazito wa kuajiri anayeeleza mashine imefanya nini.

Mtu huyo atahitaji kanuni, nayo iandikwe kabla ya kuanza kuhesabu. Makala yenye data iliyotoka kwenye mashine za maabara, ihesabiwe. Iliyotumia sampuli zilizohifadhiwa katika friji zake, ihesabiwe, lakini kwa alama yake. Mtu aliyehudhuria mafunzo ya wiki moja kisha akafanya utafiti kwingine asiingizwe kwenye hesabu hiyo, kwani kuna mahali pengine pa kuandika mafunzo. Tasnifu za uzamili na uzamivu ziwe na safu yake, na nasisitiza hili, maana sehemu kubwa ya wanaotumia maabara zetu ni wanafunzi, na kazi ya mwanafunzi mara nyingi inaishia rafu ya maktaba ya chuo bila kufika jarida lolote. Kazi hiyo ilifanyika. Mashine ilitumika. Tusiifute kwa sababu tu haina jarida. Vivyo hivyo ripoti iliyokwenda wizara ya kilimo ikatumika kuzuia ugonjwa usivuke mpaka: iandikwe, isichanganywe na makala, lakini isiachwe nje.

Juu ya kuonyesha, nina mengi ya kusema. Orodha iliyofungiwa ndani ya kompyuta ya mkurugenzi haimsaidii mtu. Iwekwe kwenye tovuti ya maabara, ipangwe kwa mwaka na kwa mashine, ili mtafiti anayejiuliza kama kifaa kile kinafaa kwa kupima sumukuvu kwenye mahindi aone wenzake walikipimia nini na walipata nini. Huyo ndiye mteja wenu wa kesho, na hakuna tangazo litakalomshawishi kuliko kazi iliyokwisha kufanyika. Pale makala ilipofungwa kwa malipo, mwombeni mwandishi nakala yake iliyokubaliwa na jarida, kwa kuwa majarida mengi huruhusu iwekwe katika hifadhi ya kidijitali ya taasisi, pengine baada ya muda fulani kupita. Makala ikibatilishwa na jarida, msiifute kimyakimya. Iacheni ilipo, iandikwe wazi kwamba imebatilishwa na lini. Orodha inayoficha makosa haitaaminiwa hata inaposema ukweli.

Na kila makala iwe na aya moja ya Kiswahili. Mfugaji wa Simanjiro aliyekubali ng'ombe wake atolewe damu, mama wa Kilifi aliyekubali mtoto wake apimwe, hawatasoma kurasa kumi na mbili za Kiingereza. Wanastahili kujua kilichopatikana. Mara nyingi watu wa vijijini wanalalamika kwamba watafiti huja, huchukua, huondoka na hawarudi, na lalamiko hilo ni la haki. Maabara inaweza kurudi kwa niaba ya watafiti wote, kwa sababu ndiyo pekee inayobaki mahali pamoja miradi ikija na kuondoka. Mwandishi aandike aya hiyo mwenyewe kama anaweza. Asipoweza, mkutubi ataiandika, mwandishi aihakiki.

Lipo jambo ninaloliogopa, nalo nalisema kwa sababu naitakia mema kazi hii. Hesabu ikishapatikana, atatokea mtu wa kuigeuza kuwa fimbo. Mashine yenye makala arobaini italinganishwa na yenye makala nne, na ile ya makala nne itaambiwa haina faida. Pengine hiyo ya makala nne ndiyo inayothibitisha kimeta pindi mifugo inapoanza kufa, kazi isiyochapishwa popote ila inayookoa watu. Mwaka 2020 maabara za utafiti, zikiwemo za ILRI Nairobi, zilielekezwa kupima Korona. Angetokea mtu akahesabu makala tu za miezi ile, angeona maabara zimelala, wakati watu wake hawakulala kabisa. Kwa hiyo nawasihi: msichapishe namba peke yake. Chapisheni orodha yenye majina ya makala, karibu nayo kazi nyingine za maabara, na anayetaka kulinganisha alazimike kusoma.

La pili ninaloliogopa ni kwamba shukrani zitageuka kuwa njia rahisi ya kumnyima mtu haki yake. Mtaalamu aliyebuni namna ya kufanya jaribio, au aliyetafsiri matokeo ambayo mtafiti mwenyewe hakuyaelewa, huyo ni mwandishi mwenza, na kumweka kwenye shukrani ni kumpunguzia. ABRF, jumuiya ya maabara za pamoja za baiolojia, imeliandikia mwongozo jambo hili, na unasema waziwazi kwamba kuilipa maabara ada hakumwondolei mtaalamu haki ya kuwa mwandishi pale mchango wake unapofikia kiwango hicho. Ada imelipia huduma. Fikra haikununuliwa.

Wahariri wa majarida yetu, ya vyuo vikuu na ya vyama vya wanataaluma, nanyi mna nafasi yenu. Majarida ya jumuiya ya wanaastronomia wa Marekani yana sehemu maalumu mwishoni mwa makala ambapo mwandishi huorodhesha darubini alizozitumia. Ni mstari mmoja tu. Wekeni nanyi mstari kama huo katika mwongozo wenu kwa waandishi: vifaa na maabara zilizotumika. Kama mnaona ni muhimu kuuliza mji wa kiwanda, ulizeni pia mji ambako kazi ilifanyika.

Na tume zinazotoa vibali vya utafiti, COSTECH kwa Tanzania, NACOSTI kwa Kenya na UNCST kwa Uganda: kila mtafiti anayehitaji kibali chenu, mwenyeji au mgeni, hupita mikononi mwenu kabla hajachukua sampuli ya kwanza. Hakuna anayewaona wote isipokuwa ninyi. Ripoti ya mwisho ya kila kibali iseme sampuli zilichambuliwa wapi, na jibu hilo liwe wazi kwa umma. Mkifanya hivyo, tutajua kwa ushahidi ni kazi zipi zinafanyika hapa nyumbani na zipi bado zinasafirishwa nje, na mtaona ni mashine gani inapaswa kununuliwa baadaye na wapi.

Watafiti wenzangu, kwenu sina mengi. Makala yako ikikubaliwa, siku hiyohiyo, kabla hujaisambaza kwa marafiki, tuma ujumbe mmoja maabara ulikofanyia kazi. Weka namba ya DOI na jina la mashine. Taja jina la aliyekusaidia.

Najua wapo wakurugenzi watakaosema wataanza mfumo ukishanunuliwa. Msisubiri. Kando ya kila mashine kuna rejista ya matumizi, hata kama ni daftari la jalada gumu lililochakaa. Ndani yake kuna majina, tarehe na aina ya sampuli. Chagueni mashine moja tu, ile inayotumika zaidi, mumpe mkutubi wenu rejista yake ya miaka mitano iliyopita. Atafute jina moja baada ya jingine katika majarida na katika hifadhi za tasnifu za vyuo, asome sehemu ya mbinu, aulize wenye makala pale asipokuwa na hakika. Kisha bandikeni alichopata kwenye tovuti na kwenye ukuta wa korido ya maabara, na muwaombe wanaopita wataje makala iliyosahaulika. Wakutubi tupo, katika kila chuo na kila taasisi, na kazi hii tumeisomea. Tuiteni.

Wenu katika kazi,

Mkutubi wa utafiti